Mzee Anaeli, Majokofu na Jumamosi za Tengeru

Siku mliyoniaga, soda zilikuwa za moto. Mafundi majokofu kumi na wawili ndani ya karakana moja, majokofu tisa yamepangwa ukutani, na mgeni rasmi anakunywa soda ya moto. Nilipoambiwa nitoe neno nikasema sina la kusema, nitaandika. Mlidhani machozi yamenizidi. Kumbe nilikuwa nahangaika kutafuta kwa macho ni lipi kati ya yale tisa lingeweza kupoza walau maji ya kunywa, na sikuliona.

Basi naandika. Vyeo nimeviruka makusudi, kwa sababu havikuwa vingi na havina hadithi. Mishahara nayo nimeiacha. Kila mtu ana wake wa kumuudhi. Nitawasimulia habari za mtu aliyenifundisha kazi, Mzee Anaeli, ambaye wengi wenu mmelikuta jina lake tu limechorwa kwa rangi ya mafuta kwenye mlango wa karakana, nanyi mkadhani ni jina la kampuni.

Nilifika Arusha nikiwa binti wa miaka ishirini na moja, mzaliwa wa Rombo, nimetoka chuo cha ufundi Moshi na cheti ndani ya bahasha ya kaki. Viatu nilikuwa nimeazima kwa dada, navyo vilinibana. Kazi niliyopangiwa ilikuwa kwenye kiwanda cha maziwa, mali ya serikali kama ilivyokuwa karibu kila kitu wakati ule. Afisa utumishi alisoma barua yangu, akanitazama, akaisoma tena, kisha akamwita karani na kumwambia anipeleke jikoni. Huko jikoni nikakabidhiwa aproni na sufuria la chai. Nami kwa woga wa siku ya kwanza nikachemsha chai. Nilichemsha chai siku mbili nzima.

Siku ya tatu akaja mzee mmoja mfupi, amevaa ovaroli ya bluu iliyopigwa pasi mpaka ina mikunjo ya suruali ya harusi. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia, nikamjazia kikombe. Akawa analalamika kwa mama wa jikoni kwamba ameahidiwa fundi kutoka Moshi na hadi leo fundi mwenyewe hajatokea. Nikasema kwa sauti ndogo kwamba fundi ni mimi. Hakushangaa wala hakucheka. Alikunywa chai yake taratibu mpaka ikaisha, akarudisha kikombe mezani.

"Chai yako mbaya," akasema. "Njoo kwenye mashine."

Hivyo ndivyo nilivyoajiriwa, haidhuru faili langu linasema nini.

Mzee Anaeli alikuwa Mmeru wa huku upande wa Akheri, na ufundi wake alikuwa ameupata kwa Mhindi mmoja aliyekuwa akitengeneza majokofu ya bucha mjini. Siku yangu ya kwanza kwenye mashine alinikalisha juu ya kreti la maziwa mbele ya kompresa kubwa, ile pampu ya kusukuma gesi, akanipa bisibisi yake ndefu. Akanionyesha namna ya kuweka ncha kwenye chuma na mpini kwenye mfupa nyuma ya sikio. Kisha akaondoka. Aliporudi saa sita akaniuliza mashine inasema nini. Nikamwambia inanguruma. Akasema hata simba ananguruma, akaondoka tena. Nilikaa kwenye kreti lile siku nne. Siku ya nne nikamwambia nadhani kuna kitu kinagonga kidogo kila inapozunguka, upande wa kushoto. Hapo ndipo aliponipa ovaroli. Ilikuwa ya mwanamume mwenye tumbo, nikaivaa hivyo hivyo.

Nyinyi leo mna vifaa vinavyolia vyenyewe gesi ikivuja. Sisi tulikuwa na povu la sabuni. Unapaka povu kwenye kila maungio, unasubiri, penye tundu linatoka puto. Tatizo ni kwamba miaka ile sabuni yenyewe ilikuwa haionekani madukani. Mzee Anaeli akawa anakuja na vipande kutoka kwake nyumbani, mpaka mke wake alipoona mche mzima umeyeyuka na watoto hawajaoga. Siku iliyofuata ujumbe ulifika kiwandani kupitia kwa binti yao mkubwa, Nsia, aliyekuwa akienda shule ya sekondari mjini. Alisimama getini na sketi yake ya shule, akatamka kama anayekariri shairi: mama amesema mabomba ya serikali yaogeshwe na serikali.

Mzee alicheka mpaka akavua miwani. Alipenda kusimulia mambo ya mke wake. Wanaume wengine pale kiwandani walisimulia mpira. Yeye alisimulia Mama Nsia kasema nini. Walikuwa na mabinti watano na mvulana mmoja wa mwisho, na kila saa tisa na nusu alasiri, kazi ikiruhusu, mzee alikuwa ameshanawa mikono na kusimama njiani akisubiri usafiri wa kurudi kwake.

Ila kilichomfanya achekwe kiwanda kizima ni Jumamosi. Jumamosi, kama mnavyojua, ni siku ya soko Tengeru, na Mama Nsia aliuza ndizi. Mzee Anaeli hakufanya kazi Jumamosi hata kwa barua ya meneja. Alibeba mikungu, akaipanga chini, kisha akaketi kwenye kigoda kando ya mkewe, mwanamume peke yake katikati ya safu ya wanawake, akiita wateja waje waone ndizi mshale. Wenzake wakipita walikuwa wanamwamkia kwa jina la Mama Ndizi. Nikamuuliza siku moja kama halimkeri. Akaniambia wana watoto sita nyumbani, na pale sokoni ndipo mahali pekee anapoweza kuzungumza na mke wake bila kukatizwa. Nikamwambia wateja je. Akasema wateja nao wanakatiza, lakini wao wakishakatiza wanaondoka.

Kisha ikaja ile miaka ya kila kitu ruksa. Madukani sabuni ikajaa, rangi saba, mpaka Mama Nsia akasahau kesi yake. Lakini yaliingia pia maziwa ya pakiti kutoka nje, na kiwanda chetu kikawa kinapoza matangi matupu. Tukaambiwa kinatafutiwa mnunuzi. Siku moja karatasi ikabandikwa kwenye ubao wa matangazo, majina ya wanaopunguzwa, na sisi sote wawili tulikuwamo. Watu walilia pale mbele ya ubao, mimi mmojawapo. Mzee Anaeli alivaa miwani, akasoma jina lake, akasoma na langu, akarudi chumba cha mashine. Nilimfuata nikamkuta amepiga magoti anafunga bomba alilokuwa amelifungua asubuhi. Nikamuuliza anamfanyia nani kazi, wakati tumeshafukuzwa. Akasema bomba kalifungua yeye. Nikamshikia tochi mpaka akamaliza.

Tulipanga chumba cha mbao Sombetini, barabarani, tukakifanya karakana yetu; wakati ule Sombetini nusu ni mashamba na nusu ni matofali yanayosubiri kuwa nyumba. Nilidhani hatutapata kazi. Nilikuwa sijui kwamba ruksa ileile iliyotufukuza kiwandani ingetuletea friji za mtumba kutoka pande zote za dunia. Zilishuka za Dubai, za Japani, zenye maandishi yasiyosomeka, zenye umeme wa Kimarekani ambazo ukizichomeka tu zinatoa moshi mbele ya wakwe. Kila aliyejenga vyumba viwili alitaka friji sebuleni, na juu yake kitambaa cha kufuma na chombo cha maua ya plastiki.

Sikilizeni jambo moja ambalo halimo vitabuni. Kabla ya kufungua friji yoyote, muulize mwenyewe kama nyumbani kwake kuna umeme. Tulikuwa na mteja mmoja, seremala wa pale pale jirani, alituletea friji mara tatu. Kila mara tunaitengeneza, inapoza vizuri mbele ya macho yake, anaichukua kwa mkokoteni, baada ya miezi anairudisha kuuliza kama bado ni nzima. Mara ya tatu mzee akasema twende tukaone inapokaa. Tulimkuta mke wake, akatukaribisha vizuri, akaifungua friji atutolee vikombe. Ndani mlikuwa na vyombo vya harusi, kanga zimekunjwa, na viatu vya Jumapili. Nyumba haikuwa na hata waya. Seremala akaeleza bila aibu kwamba nguzo ziko njiani zinakuja, na siku umeme ukifika anataka uikute friji iko tayari. Mimi nilitoka nje nikacheka huko. Mzee Anaeli hakucheka. Alimshauri aache mlango wazi kidogo kanga zisinuke, na alirudi kila mwaka kuikagua ile friji mpaka nguzo zikafika kweli.

Sasa niwaambie siku niliyokuwa fundi, maana cheti nilikuwa nacho muda mrefu lakini ufundi ulikuja siku nyingine kabisa.

Mashamba ya maua yalikuwa yameanza kufunguliwa Usa River, na shamba moja lilitupa kazi ya kuangalia chumba chao cha baridi. Waridi likishakatwa linaingia humo, kwenye digrii nne, linangoja gari la uwanja wa ndege. Jumamosi moja saa tatu asubuhi dereva wa shamba akaja Sombetini na pikapu: chumba hakipoi. Nikaenda peke yangu, kwa sababu mnajua mzee alikuwa wapi.

Meneja wa shamba alikuwa kijana wa Kibosho, msomi, mwenye haraka. Akaniambia gari la uwanja wa ndege linakuja saa kumi na moja jioni. Waridi zikifika Ulaya zimelegea, mnunuzi anahama, na yeye kazi yetu atawapa kampuni ya Nairobi. Nyuma yake walisimama wanawake wa kufungasha, kama thelathini hivi, mikono imekunjwa. Mmoja akanisogelea akaninong'oneza kwamba wameshaambiwa, maua haya yakiharibika wiki ijayo wasije. Halafu akanitazama kama vile mimi ndiye niliyeyapanda.

Nikafunga geji kwenye mashine ya nje. Presha iko chini. Nikajiambia gesi imepungua, kazi nyepesi. Nikajaza gesi. Presha haikupanda ya maana, nikajaza tena. Kompresa ikawa ya moto, ikazima. Ikapumzika, ikawaka, ikazima. Saa tano na nusu nilikuwa nimelowa jasho, meneja anazunguka akitazama saa, na joto la chumba limepanda mpaka digrii kumi na moja. Nikamwomba dereva anipeleke Tengeru.

Nilimkuta Mzee Anaeli kwenye kigoda, mikungu mitatu mbele yake. Nikamwamkia yeye, nikamwamkia Mama Nsia, kisha nikamwambia gari linasubiri, chumba cha maua kimekufa. Akaniuliza nimefanya nini. Nikamweleza presha, gesi, kompresa inazima.

"Uliingia ndani?" akaniuliza.

Nikamwambia niliingia kusoma kipimajoto.

"Sijauliza kipimajoto. Ulipoingia ulisikia upepo usoni?"

Sikuwa nakumbuka upepo.

"Geji imekuambia habari za bomba," akasema. "Habari za chumba umemuuliza nani?"

Nikamsihi aje. Nikamwambia kuna wanawake thelathini pale, kuna kampuni ya Nairobi, kuna jina lake mlangoni. Akachukua mkungu mmoja akaugeuza upande mzuri uonekane. Akasema amebakiwa na mikungu mitatu, naye haondoki. Nilipandwa na hasira ambayo sijawahi kuipata kazini, nikamgeuzia mgongo bila kuaga. Mama Nsia alikuwa ameinamisha uso, anapanga kitu ambacho kilikuwa kimeshapangwa.

Njiani nilikuwa nikimsema mzee kimoyomoyo kwa Kichaga, lugha asiyoisikia. Lakini nilipofika niliingia ndani ya kile chumba, nikafunga mlango, nikasimama. Feni zinazunguka, nasikia sauti yake, ila usoni hakuna kitu. Nikapanda ngazi, nikafungua kifuniko cha koili, yale mabomba yanayopoza hewa. Nyuma ya feni barafu ilikuwa imejaa na kuziba kama ukuta. Hewa haina pa kupita. Gesi ilikuwa inatosha tangu mwanzo. Mimi nilikuwa nimeizidisha bure, tatizo likiwa lingine kabisa.

Kuna taima inayotakiwa kuzima ubaridi kila baada ya saa kadhaa ili barafu iyeyuke. Nikaifungua, nikakuta gurudumu lake dogo la plastiki limevunjika jino. Spea ilikuwa Nairobi. Nikamwita meneja nikamwambia atoe maua yote nje. Akasema nimechanganyikiwa. Yule mama aliyeninong'oneza asubuhi hakusubiri tumalizane. Aliingia akabeba ndoo ya kwanza ya waridi, na wenzake wakamfuata. Wakazipanga kivulini chini ya banda, wakazifunika magunia waliyolowesha. Nikazima mashine. Tukapanga mstari kutoka bombani hadi ngazini, ndoo kwa ndoo, mimi juu namwagia koili, wao chini wanapokezana, maji ya baridi yakinishukia shingoni hadi ndani ya buti. Barafu ilidondoka mapande kama sahani. Mwingine akaanza wimbo wa kwaya, na nakiri nilimwagia kwa mapigo ya wimbo ule.

Kisha nikapunguza gesi niliyozidisha. Siku hizo tuliiachia tu hewani. Nyinyi mkifanya hivyo mtashtakiwa, na ni haki. Saa nane na nusu nikawasha. Nikaingia, nikafunga mlango, upepo ukanipiga usoni mpaka macho yakalengwa na machozi, ya baridi na ya mengineyo. Saa tisa na robo maua yakarudi ndani. Hata gari lilipokuja kipimajoto kilikuwa kinasoma tano. Meneja akanipa mkono. Yule mama nikamkabidhi saa ya ukutani na swichi, nikamfundisha azime lini na awashe lini, na jioni amwachie mlinzi zamu. Wawili hao walifanya kazi ya taima wiki mbili, mpaka spea ilipofika, na hawakukosea hata mara moja.

Jumatatu mzee alinikuta karakana nimeshaanza kazi. Nilimwamkia kwa sababu ya umri wake tu. Alichukua bisibisi yake, akaendelea na kazi. Siku kadhaa baadaye nilipita kwao kupeleka ujumbe, Mama Nsia akanipa bakuli la loshoro, mahindi na maziwa ya mgando, akakaa akanitazama nikila.

"Usimkasirikie baba yako," akaniambia. "Ile Jumamosi mtu alikuja kumuuliza stendi iko wapi, akampa kichane cha ndizi. Mwingine alimwamkia, naye akapewa kichane. Mikungu yote mitatu aliigawa. Ulipoondoka tu alisimama, akaketi, akasimama. Nikamwambia basi nenda. Akasema akienda sasa, wewe utakuwa wa kumshikia tochi maisha yako yote."

Nilimaliza loshoro yangu, nikarudisha bakuli. Hatukuwahi kulizungumza jambo lile, mimi na mzee, hata siku moja.

Aliacha kazi magoti yalipomshinda. Karakana akaniachia mimi, pamoja na mlango na jina. Ila gesi za aina mpya zilipoanza kuja, na mashine zenye vibao vya umeme ndani, alikuwa akija na daftari la shule na kalamu, anaketi kwenye benchi pamoja na wanafunzi wangu, ananyoosha kidole akitaka kuuliza. Nilimwambia mzee, usininyooshee kidole. Akasema mwalimu ni mwalimu. Alikuwa mwanafunzi msumbufu, anayepinga kila kitu mpaka akiguse.

Alifariki akiwa ameugua wiki tatu tu, mwezi wa mvua. Siku ya mazishi tulikwenda asubuhi hospitali kumchukua, Nsia na wadogo zake, Mama Nsia, mchungaji na majirani. Mimi nilikuwa na gauni jeusi na kitenge begani. Waliingia kumvalisha suti, nami nikasimama ukumbini nje ya chumba cha maiti. Nikaisikia mashine ya nyuma ya ukuta. Inawaka, inahema dakika mbili, inazima. Inawaka tena. Nikamuuliza mhudumu, akasema inafanya hivyo tangu jana na fundi wao ameitwa.

Nilijiambia siku hiyo si ya kazi. Wakamtoa mzee, wakampandisha garini, wakaanza kupanga magari ya msafara. Mzee alikuwa ameshatoka humo. Waliobaki ndani walikuwa watu wengine, wa familia nyingine. Nikazunguka nyuma. Koili ya nje ilikuwa imezibwa na vumbi, majani na mifuko ya plastiki, na skrubu ya feni imelegea. Nikamwomba mhudumu azime swichi kubwa, kisha aniletee bisibisi, fagio na ndoo ya maji. Nikavua viatu, nikafunga kitenge kiunoni.

Nilipomaliza na mashine ikatulia, nikanawa nikarudi mbele. Msafara wote ulikuwa umesimama, injini zinaunguruma, mchungaji anatazama saa. Gauni langu lilikuwa na matope hadi magotini. Mama Nsia alikuwa ndani ya gari la mbele, kiti cha karibu na jeneza. Alifungua mlango, akanitazama kuanzia miguuni.

"Ulikuwa wapi?"

Nikamwambia mashine yao ilikuwa mbaya.

"Na sasa?"

"Inafanya kazi."

Akasogea kunipa nafasi.

"Panda," akasema. "Angekuwa yeye, tungekuwa hapa mpaka saa nane."

Nsia akaanza kucheka, kisha dereva, kisha Mama Nsia mwenyewe, mkono mdomoni. Nikapanda na matope yangu, tukaondoka.